Sura ya Saba: Wawili Melini

Likizo ya mume na mke wa Isiolo huwa na watu wengi. Shule zikifungwa Agosti, mwalimu na mkewe hupanda gari kwenda Merti au Garbatulla kuwaona wazee, au huteremka hadi Mombasa kwa shemeji aliyehamia huko, na wakifika hutenganishwa mlangoni: mume barazani na wanaume, mke ndani na wanawake na watoto. Wanarudi wakiwa wameonana na ukoo mzima isipokuwa wao wenyewe. Hakuna anayelalamika. Ndivyo likizo ilivyo, na anayesema anataka kwenda mahali na mkewe tu huulizwa kama kuna ugonjwa nyumbani.

Hata mume na mke walioutangaza mji huu duniani hawakupumzika wawili. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makao yake Isiolo, na mwaka 1956 yeye na Joy walianza kulea watoto watatu wa simba. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi (pengine ndio wakazi wa Isiolo waliofika Ulaya kwa urahisi kuliko wote, maana hawakuulizwa taarifa ya benki). Wa tatu, Elsa, alibaki, na akina Adamson walipokwenda pwani ya Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, walimchukua. Joy alikisimulia kisa hicho katika Born Free, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Mume, mke na simba ufukweni: mwenye kusindikizwa na mama mkwe ashukuru.

Sura hii inahusu likizo ya namna nyingine, mzunguko wa wiki moja katika Bahari ya Mediterania ndani ya meli kubwa ya utalii, mume na mke peke yao. Naipendekeza, ingawa si kwa sababu wanazozitoa mawakala wa Nairobi. Wao huuza machweo na bwawa la kuogelea. Mtu anayetoka mji ambao kila duka lina binamu yake atakuwa ananunua kitu adimu zaidi, yaani siku saba ambazo hakuna atakayebisha hodi.

Biashara ya meli hizi imejengwa juu ya hesabu ya mbili. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, ila ni mtu mmoja anayelala na mwenzake. Anayekwenda peke yake hulipia na kitanda kitupu, mara nyingine bei nzima. Mwenye wake wawili ajue mapema kwamba hakuna chumba kilichomfikiria. Anaweza kulipia safari mbili, au afuate mfano wa Mtume, ambaye kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari alikuwa akipiga kura baina ya wake zake alipotaka kusafiri. Kura ipigwe mbele ya wote wawili, kabla ya kulipa arbuni.

Ukubwa wa vyombo vyenyewe ni vigumu kuufikiria ukiwa bara. MSC World Europa, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2022, ina nafasi ya abiria 6,762 na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Kaunti nzima ya Isiolo ilihesabiwa watu 268,002 katika sensa ya 2019; meli arobaini za namna hiyo zingeihamisha yote, mbuzi wakiachwa. Kwa misimu kadhaa meli hiyo imekuwa ikizunguka Genoa, Naples, Messina, Valletta, Barcelona na Marseille, kisha inarudi Genoa. Nitautumia mzunguko huo kuwa mfano, kwa kuwa unarahisisha sehemu iliyo ngumu kuliko zote, ambayo humalizika kabla hamjaiona bahari. Nasema faili la viza.

Italia, Malta, Uhispania na Ufaransa zote ziko katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha. Huombwa kwa nchi mtakayokaa zaidi. Hapa ni Italia, yenye bandari tatu kati ya sita. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kama shilingi 13,500 yuro ikiwa 150, na hairudishwi mkikataliwa. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nanyi mnakwenda Nairobi wenyewe kutoa alama za vidole, kilomita 280 hivi za barabara. Mkipenda njia za mashariki, zile zinazotoka Ugiriki kwenda Uturuki au Montenegro na kurudi, viza ya kuingia mara moja haiwafai. Meli ikitia nanga Uturuki mmeshatoka Schengen, na mtahitaji ruhusa ya kuingia tena.

Afisa wa viza anataka kuridhika juu ya mambo mawili: kwamba mnaweza kulipa, na kwamba mtarudi. Mtu wa Isiolo ana majibu mazuri kwa yote mawili, ila majibu hayo yanakula miiba huko Kulamawe. Ngamia arobaini ni mali ambayo hakuna mtu wa Kinna angeitilia shaka, na ni sababu tosha ya kurudi nyumbani mbio. Kwenye taarifa ya benki ya miezi sita hawaonekani. Ardhi wanayolishwa ni ya jamii, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, wala haina hatimiliki yenye jina la mume au mke. Ploti ya mjini mara nyingi ina barua ya kugawiwa tu, na kila anayeishi hapa amesikia kisa cha ploti moja yenye barua mbili.

Basi faili huipindua nyumba. Mke anayefundisha shule ya msingi, mwenye hati ya mshahara ya tume ya walimu, TSC, na barua ya likizo, ndiye tajiri. Mume mwenye ngamia ndiye mtegemezi. Wapo wanaume walioona haya kuandikwa hivyo, wakaamua kila mmoja ajitegemee kwenye ombi lake, na mwenye ngamia akanyimwa. Andikeni kama karatasi zinavyosema. Heshima ya mzee itamsubiri Isiolo. Wanawake wafanyabiashara nao wako mbele kuliko waume wengi katika jambo hili. Ushirika wa Anolei, unaokusanya maziwa ya ngamia hapa mjini na kuyapeleka Eastleigh, ni mfano mzuri wa mali ya ufugaji inayogeuka pesa kila kukicha, na pesa ya kila siku ikipitishwa benki huacha alama ambayo afisa anaweza kuisoma.

Mwenye mifugo auze mapema. Anayeuza ngamia watatu na kuweka pesa zote benki wiki moja kabla ya kuomba viza amejiharibia, kwa sababu kinachoonekana ni pesa zilizozuka ghafla, kama za kuazimwa. Auze miezi minane kabla, kidogo kidogo, na atunze risiti za soko na vibali vya kusafirisha mifugo. Karatasi hizo zitafsiriwe au zielezwe kwa barua fupi. Msidhani mtu aliyekulia Milano anajua ngamia wa maziwa ana thamani gani.

Kabla ya viza kuna pasipoti, na kabla ya pasipoti kuna kitambulisho, na hapo watu wa kaskazini tuna historia ndefu. Kwa miongo mingi Msomali au Mborana aliyeomba kitambulisho alisimamishwa mbele ya kamati imsaili uraia wake, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri hakulijua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuukomesha usaili huo. Wenye umri wa kufikiria safari kama hii, hata hivyo, walipitia mfumo wa zamani, na wengi wao majina yao yameandikwa hivi kwenye kitambulisho, vile kwenye cheti cha ndoa, na vingine kwenye akaunti ya benki. Herufi moja ya Mohamed inaweza kuwagharimu miezi. Lirekebisheni hilo kwanza, kabla hata ya kuchagua meli.

Cheti cha ndoa cha Kadhi kinafaa, na cha kanisa pia. Waliooana kimila tu ndio wenye kazi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, na wengi hawajafanya hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza. Mume na mke wenye watoto sita wanaweza kujikuta mbele ya karani wakiwa watu wawili wasiojuana wanaoomba kwenda Ulaya pamoja. Kituko chenyewe ni kwamba meli haina habari na cheti chenu. Itawapa kitanda kimoja bila swali.

Gharama nitazipitia haraka, maana hubadilika. Tuseme tangazo ni yuro 600 kwa mtu kwa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Kwa wawili ni shilingi 180,000. Ongezeni bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata kwenye akaunti kila usiku, mara nyingi zaidi ya yuro 10 kwa mtu. Kwa wiki moja ni zaidi ya shilingi 21,000 kwenu wawili. Tiketi za ndege za kufika Ulaya na kurudi zinaweza kushinda bei ya meli yenyewe. Intaneti, kahawa nzuri, picha na matembezi ya bandarini hulipiwa pembeni. Penye nafuu ni pombe. Kifurushi cha vinywaji ni chumo kubwa la meli, na kampuni nyingi humlazimisha kila mtu mzima chumbani akinunue endapo mmoja wao atakinunua. Wawili wasiokunywa hukikataa na kusafiri kwa bei ambayo kampuni haikuikusudia. Msione haya, maji ya mezani na chai ya asubuhi kwa kawaida ni bure.

Kuhusu msimu, walimu wamefungwa na Agosti, mwezi wa bei ya juu na umati. Mwenye uhuru achague Mei au mwisho wa Septemba. Joto la Agosti halitamsumbua mtu wa Isiolo, foleni zitamsumbua. Aprili, upepo wa sitahani utamkumbusha koti lake la Nanyuki.

Sasa mko chumbani. Mita za mraba 15 hivi, bafu likiwemo. Zoezi la usalama ni la lazima na hufanywa kabla meli haijang'oa nanga. Tangu meli ya utalii Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 wakafa, hakuna anayelichukulia kama mchezo. Baada ya hapo mnaachiwa uhuru wenu. Siku ya kwanza na ya pili hupita kwa kushangaa. Kuanzia ya tatu, kimya huingia. Nyumbani mkikosana, mume hutoka kwenda kijiweni kwenye chai au miraa, mke huenda kwa dada yake, na kufikia jioni kuna mtu amewapatanisha bila kuombwa. Melini hakuna dada. Kuna korido ndefu yenye milango inayofanana, na mhudumu mwenye adabu anayeuliza kama taulo zibadilishwe.

Huo ndio moyo wa safari nzima, na sioni vitabu vya utalii vikiugusa. Kuna watu walioishi pamoja miaka ishirini bila kukaa saa tatu mfululizo wakizungumza pasipo mtoto, mgeni au simu. Wanapendana, hawana mazoezi tu. Ushauri wangu ni wa kivivu: msikae pamoja mchana kutwa. Mmoja aende sitaha ya juu, mwingine alale. Asubuhi muachane, jioni mketi. Ombeni meza ya watu wawili mapema, la sivyo mtapangwa na wageni wanane na mtarudi kule kule kwenye ukoo, wa Wajerumani safari hii. Na simu izimwe mkiwa katikati ya bahari, kwa faida ya ndoa na ya mfuko pia.

Ibada haina shida. Isiolo tumezoea kuswali tukielekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja upande huo. Mediterania iko upande wa pili, kwa hiyo kibla kitakuwa kusini-mashariki, au karibu na mashariki mkiwa Uhispania, na meli ikigeuka nacho kinahama chumbani. Simu yenye dira inatosha, na msafiri ana ruhusa yake ya kufupisha sala. Chakula halali kiombwe kwa wakala wiki kadhaa kabla. Wakishindwa, samaki, mayai na mboga hazikosekani. Mkristo naye atakuwa katika maji ya Matendo ya Mitume, na akiteremka Valletta atakuwa kwenye kisiwa ambako Paulo alivunjikiwa na meli. Anayeogopa kichefuchefu achague chumba cha chini, katikati ya meli, na abebe tangawizi. Aliyezoea Mombasa atashangaa zaidi na jambo jingine, kwamba bahari hii karibu haijai wala haipwi. Mlango wake wa kwenda bahari kuu, Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu. Sisi ambao mto wetu, Ewaso Ng'iro, kwa kawaida huishia kwenye kinamasi cha Lorian bila kufika bahari yoyote, hatuna cha kulinganisha nacho.

Bandarini msitake kuona kila kitu. Meli hufika asubuhi na kuondoka jioni, nayo haimsubiri aliyekwenda peke yake akachelewa. Naples, chagueni Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, si mbali kwa treni, na muache mengine. Valletta haihitaji usafiri: meli huingia katikati ya ngome na mji uko juu ya vichwa vyenu. Barcelona imeanza kuwachoka wageni wa meli, na Julai 2025 ilikubaliana na mamlaka ya bandari kupunguza vituo vya meli za utalii kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030. Venice, serikali ya Italia ilizuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco tangu Agosti 2021. Santorini na Mykonos, msimu wa kilele, hutoza kila abiria anayeshuka yuro 20. Mtu aliyeishi karibu na Archer's Post na kupigwa picha na kila gari lililosimama ana haki ya kuwaelewa wenyeji hao. Zamu hii yeye ndiye mwenye kamera, basi aombe ruhusa.

Baadhi ya familia za Isiolo zina haki ya zamani katika maji haya. Wasomali wa Isahakia waliokaa hapa baada ya kutumika Vita vya Kwanza vya Dunia walitoka pande za Aden na Somalia ya Waingereza, na watu wa kabila lao walichochea makaa katika meli za mvuke zilizopita mfereji wa Suez hadi Cardiff. Njia nyingine ya kuingia Mediterania inajulikana zaidi leo. Vijana wa Kisomali huiita tahriib: jangwa, Libya, kisha mashua iliyojaa kupita kiasi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limeorodhesha zaidi ya watu 30,000 waliokufa au kupotea katika bahari hii tangu 2014. Mwaka mmoja kabla ya hesabu hiyo kuanza, tarehe 3 Oktoba 2013, chombo kimoja kilizama karibu na Lampedusa na watu 368 wakafa, wengi wao Waeritrea.

Meli za starehe hupita maji hayo hayo, na mara moja moja njia hizo hukutana. Septemba 2014, meli ya utalii Salamis Filoxenia iliitikia wito wa msaada karibu na Cyprus ikaokoa watu 345 kutoka kwenye mashua; walipofikishwa Limassol wengi walikataa kushuka kwa saa kadhaa, wakitaka wapelekwe Italia. Sheria ya bahari inamlazimu nahodha kuokoa, awe na abiria wa kifahari au shehena ya saruji. Nimeulizwa kama ni haki kwenda kustarehe hapo. Naona ni haki, mradi mtu asijifanye hajui. Na mjiandae kwa mgeni wa meza ya jirani atakayeuliza mmetoka wapi, kisha mmefikaje. Swali la pili halina adabu, nalo jibu lake ni fupi: kwa ndege.

Kabla ya kulipa chochote, fanyeni jaribio karibu na nyumbani. Hifadhi ya Shaba au ya Buffalo Springs, usiku mbili, bei ya mkazi, bila watoto. Buffalo Springs ina kidimbwi cha kuogelea ambacho husimuliwa kwamba kilichimbwa na bomu la ndege ya Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili; kama ni kweli, Waitaliano walitutembelea kwanza, na bila viza. Mkiweza kukaa hapo hadi Jumapili jioni bila mmoja wenu kutafuta sababu ya kurudi mjini, wiki ya melini mtaiweza. Mkishindwa, mmeokoa pesa nyingi.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango, na kabla ya hapo mtapita kwenye dawati ambapo safari ijayo huuzwa kwa arbuni ndogo. Msitie sahihi. Rudini na viza zilizotumika sawasawa, maana zinahesabiwa: anayetumia tatu kihalali ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mzima. Mwenye ngamia hauzi kabla ya mvua za Novemba; huuza baada yake, wanyama wakiwa wamenenepa na bei imepanda, na faili la pili lianze hapo.